Nyasi ya gofu iliyofuata mfereji: uchambuzi wa kisa kutoka Oregon

Kisa hiki kilitokea Marekani, katika jimbo la Oregon, kuanzia mwaka 2002. Majina ya kampuni mbili zilizohusika, ya wakulima na ya watafiti nimeyaacha kwa makusudi. Miaka, takwimu na ofisi za serikali nimezibakiza, kwa sababu bila hizo hakuna cha kujifunza.

Nimekichagua kwa sababu moja. Mjadala wa GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, kwetu humezwa na swali la mlo: je, ni salama kula? Ni swali la haki kabisa, lakini likishakaa mezani halimwachii mwenzake nafasi. Nyasi ninayoizungumzia hapa haipandwi ili iliwe na mtu. Ukiondoa sahani, yanabaki mazingira peke yake, na hapo ndipo unapoona kama mamlaka ilijua inasimamia kitu gani.

Usuli

Kwenye uwanja wa gofu, ile sehemu laini kama zulia inayozunguka shimo mara nyingi hupandwa nyasi ambayo wataalamu wa mimea huiita Agrostis stolonifera. Huvumilia kukatwa mpaka karibu na udongo. Adui yake ni nyasi nyingine, hasa Poa annua, inayoota katikati yake na kuliharibu zulia. Ukinyunyizia dawa ya magugu, zote mbili zinakauka. Kampuni mbili, moja ya mbegu za bustani na nyingine ya bioteknolojia, ziliingiza kwenye nyasi ya gofu kinasaba cha bakteria kinachoiwezesha kustahimili glaifoseti, dawa ya magugu ambayo hata kwetu haikosekani kwenye maduka ya pembejeo. Mwenye uwanja angenyunyizia eneo lote, magugu yakafa, zulia likabaki.

Kibiashara wazo lilieleweka. Ila mmea wenyewe ulihitaji kutazamwa vizuri zaidi kuliko ulivyotazamwa. Tulizoea mahindi, soya na pamba, mazao yanayolelewa. Punje za mahindi zimefungwa kwenye gunzi na kufunikwa maganda. Asipokuwapo mtu wa kuzipukuchua na kuzifukia, haziendi mbali. Nyasi hii haihitaji mlezi. Ni ya kudumu, ikishaota leo mwakani ipo. Hutambaa kwa mashina ambayo kila kifundo kikigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi, hivyo hata kipande kilichokatika na kubebwa na maji kinaweza kuwa mmea mpya. Huchavushwa kwa upepo, na kwa kawaida hupokea chavua ya mmea mwingine badala ya kujichavusha. Mbegu zake ni kama vumbi: kilo moja ina zaidi ya mbegu milioni 10. Tena katika eneo lile ilikuwa tayari inaota yenyewe kandokando ya mito, mitaro na barabara, pamoja na ndugu zake kadhaa wanaoweza kuzaliana nayo.

Mbegu za kuuza zilipaswa kuzalishwa mahali fulani. Bonde la Willamette, magharibi mwa Oregon, ni kitovu cha mbegu za nyasi nchini Marekani, na wakulima wa huko wana wateja wa nje ambao wangeweza kukataa mzigo uliochanganyika na GMO. Ili kuwalinda, Idara ya Kilimo ya jimbo ilitenga eneo la udhibiti katika kaunti ya Jefferson, ng'ambo ya milima ya Cascade, kwenye nchi kavu inayolimwa kwa umwagiliaji. Lilikuwa na ukubwa wa takriban hekta 4,500.

Kwa upande wa serikali kuu, msimamizi alikuwa APHIS, idara ya Wizara ya Kilimo inayoshughulikia afya ya mimea na wanyama. Hapa lipo jambo ambalo bila kulishika, kisa hiki hakieleweki. Mwaka 1986 Marekani iliamua kwamba haitatunga sheria mpya kwa ajili ya GMO. Ingetumia sheria zilizokuwapo, kila idara kwa upande wake. APHIS ilikuwa na mamlaka juu ya visumbufu vya mimea, yaani viumbe vinavyoidhuru mimea. Kwa hiyo mmea uliobadilishwa vinasaba uliingia mikononi mwake kwa sababu vipande vya vinasaba vilivyotumika kuutengeneza vilitoka kwa viumbe vinavyohesabiwa kuwa visumbufu, virusi vya mimea kwa mfano. Swali lililoandikwa kwenye sheria lilikuwa: je, mmea huu ni kisumbufu cha mimea mingine?

Mfululizo wa matukio

Mwaka 2002 zilipandwa hekta 162 ndani ya eneo la udhibiti. Majira ya joto ya 2003 nyasi zikachanua.

Watafiti wa EPA, shirika la serikali kuu la ulinzi wa mazingira, walikuwa wamejiandaa. Walitega vyungu vya nyasi ya kawaida nje ya eneo, kwa umbali tofauti tofauti, na wakakusanya pia mbegu kutoka kwa nyasi zilizokuwa zikiota zenyewe huko. Mbegu walizioteshea kitaluni, miche wakainyunyizia glaifoseti, na iliyosalimika wakaipima vinasaba. Chavua nyingi ilikuwa imetua ndani ya kilomita 2, upande ule upepo unakoelekea. Lakini walikuta kinasaba kwenye watoto wa nyasi za vyungu vilivyokuwa kilomita 21, na kwenye watoto wa nyasi za pale pale porini hadi kilomita 14. Ripoti yao ilitoka 2004 na kuwashtua wengi, maana majaribio ya awali, yaliyofanywa kwenye viwanja vidogo, yalikuwa yameonyesha masafa mafupi sana.

Agosti 2003 likatokea la pili. Nyasi ya mbegu ikikomaa hukatwa na kulazwa shambani kwa mistari ili ikauke kabla ya kupurwa. Ikiwa imelala hivyo, ulipiga upepo mkali na kubeba masuke na mbegu nje ya mashamba, nyingine zikavuka mpaka wa eneo la udhibiti. Uzalishaji kwenye mashamba hayo ulisimamishwa, na ikaanza kazi ya kusaka na kuua mimea iliyotoroka.

Mwaka 2006 EPA ilitoa matokeo mengine. Kati ya mimea 20,400 iliyochunguzwa nje ya eneo, 9 ilikuwa na kinasaba, wa mbali zaidi ukiwa kilomita 3.8 kutoka mpakani. Baadhi ilitokana na mbegu zilizopeperushwa, baadhi ilizaliwa kwa chavua. Tisa katika elfu ishirini ni wachache, utasema. Ila mwaka huo huo watafiti wa chuo kikuu walipima nyasi za jamii hiyo zilizoota zenyewe ndani na pembezoni mwa eneo, jumla 585, na asilimia 62 zilikuwa zinastahimili glaifoseti. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mashamba yafungwe, na watu walikuwa wamepita wakizing'oa na kuzinyunyizia. Takwimu hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja, kwa sababu sampuli zilichukuliwa mahali tofauti na kwa njia tofauti. Ninaziweka pamoja kwa sababu ofisini mtu huchagua ile inayompendeza, na nimeona hilo likifanyika kwenye mijadala ya mazao mengine pia.

Mwaka 2007 mambo yalifika mahakamani na kwenye daftari la faini. Mahakama ya serikali kuu iliamua kwamba wizara iliruhusu majaribio ya nyasi hii bila kuangalia ipasavyo kama yangeweza kuathiri mazingira, kinyume na sheria ya taifa ya sera ya mazingira. Mwishoni mwa mwaka kampuni ya mbegu ikakubali kulipa dola 500,000, kiwango cha juu kabisa kilichowezekana kisheria, kwa kushindwa kuhakikisha kwamba nyasi na uzao wake havibaki kwenye mazingira baada ya jaribio. Ilitakiwa pia kuendesha warsha tatu za wazi kuhusu namna bora ya kufanya majaribio ya aina hiyo.

Kisha mwaka 2010 nyasi ikaonekana mahali pasipotarajiwa: kaunti ya Malheur, mashariki kabisa mwa Oregon, mamia ya kilomita kutoka Jefferson. Iliota kwenye kingo za mifereji ya umwagiliaji. Ng'ambo ya mto Snake, jimboni Idaho, kulikuwa na mashamba ya mbegu hiyo hiyo. Malheur haikuwahi kuombwa ridhaa. Haikuwa na eneo la udhibiti, wala mkulima wake hata mmoja hakupanda.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutenga Jefferson ulikuwa na mantiki, na nitausema vizuri zaidi hapo mbele. Uamuzi wa kupanda hekta 162 kabla ya kupima chavua kutoka shamba la ukubwa huo ndio ulioelekeza yote yaliyofuata. Sababu yake naiona kuwa ya kawaida ya kila ofisi ya vibali: takwimu zilizopo ndizo zinazotumika, na zilizokuwapo zilitoka kwenye viwanja vidogo. Kiwanja kidogo hutoa chavua kidogo. Shamba kubwa linalochanua kwa wakati mmoja hutoa wingu, na wingu likipanda juu husafiri na upepo kwa namna ambayo kiwanja kidogo hakiwezi kukuonyesha.

Mwaka 2004 Idara ya Misitu ya Marekani ilieleza hofu yake hadharani: nyasi hii ingeweza kuingia kwenye misitu na mbuga za nyasi za taifa, na idara inayozitunza ingekosa dawa ya kuiondoa. Nawasifu kwa hilo. Ni nadra idara moja ya serikali kuipinga nyingine waziwazi juu ya kibali. APHIS nayo ilikubali kwamba kabla ya kuiachia nyasi sokoni lazima ifanyike tathmini kamili ya athari kwa mazingira, na ombi la kampuni likakaa miaka.

Septemba 2015 wizara na kampuni hizo mbili walitia saini makubaliano ya miaka 10. Kampuni ziliahidi kutoiuza nyasi hiyo kamwe, na kusaidia kuidhibiti katika kaunti zilizoathirika, msaada ukiwa mkubwa miaka ya mwanzo na kupungua kadiri miaka inavyokwenda. Januari 2017 APHIS ikaiondoa nyasi chini ya usimamizi wake. Sababu iliyotolewa ilifuata neno la sheria: haikuonekana kuwa na hatari ya kuwa kisumbufu cha mimea.

Matokeo

Nyasi haikuuzwa. Hakuna uwanja wa gofu ulionunua mbegu zake. Na bado ipo, Jefferson na Malheur, inaota, inachanua, inatoa mbegu. Watafiti walipata pia mmea chotara uliozaliwa porini kati yake na nyasi ya jenasi nyingine, Polypogon, ukiwa umebeba kinasaba. Bidhaa iliyoachwa na wenyewe imebaki kwa watu ambao hawakuitaka.

Niwe mkweli kuhusu ukubwa wa madhara. Hakuna aliyeugua. Hakuna spishi iliyotoweka kwa sababu yake. Mahali pakavu, pasipo na maji ya mfereji, nyasi hii haiendelei. Madhara yake ni ya kila siku na ya kuchosha: mfereji unaoziba, dawa iliyokuwa ikifanya kazi isiyofanya tena, na muuzaji wa mbegu au malisho ya nje anayekaa na wasiwasi kwamba mteja atapima shehena yake.

Uchambuzi

Nianze na sifa. Kuiweka nyasi nyuma ya milima ya Cascade kuliliweka Bonde la Willamette mbali na mashamba hayo, na hilo lilikuwa ndilo lengo lililoandikwa. Anayesema mamlaka ya jimbo ilizembea hajaisoma ramani. Jambo la pili lililofanya kazi ni kwamba wapimaji hawakuwa wenye bidhaa. Watafiti wa EPA walitega vyungu vyao mapema, msimu ule ule wa kwanza wa maua, wakachapisha walichokiona hata kilipoitia aibu serikali iliyowalipa mshahara. Bila vyungu vile, hadithi ya 2003 ingekuwa ya upepo mmoja wa bahati mbaya, ikasahaulika.

Sasa kasoro. Eneo la udhibiti lilichorwa kwa kuangalia nani analindwa, yaani wakulima wa Willamette, na halikuchorwa kwa kuangalia mmea unasafirije. Ukilitazama kwa jicho la nyasi, kaunti ya Jefferson ni nchi kavu yenye barabara zilizotengenezwa tayari: mifereji ya maji. Kila mfereji una kingo zenye unyevu, kila kingo ni kitalu. Mstari ulichorwa kwa vipimo vya ardhi, nyasi ikapita kwa maji na hewa.

Kasoro ya pili inaniuma zaidi kwa sababu ingeweza kuonekana hata bila utafiti wowote. Walinda mifereji katika nchi ile walitegemea glaifoseti, kwa sababu ina aina zilizoruhusiwa kutumika karibu na maji. Dawa mbadala zinazoweza kuiua nyasi hii zina masharti makali au zimekatazwa kabisa kandokando ya maji. Kwa hiyo kinasaba kilichowekwa kumsaidia mwenye uwanja wa gofu kilimnyang'anya mlinda mfereji zana yake mahali pale pale ambapo nyasi hupenda kuota. Tena kila aliponyunyizia glaifoseti kama alivyozoea, aliua nyasi za kawaida na kuziachia nafasi zilizo sugu. Aliyeulizwa juu ya sifa hiyo mpya alikuwa mteja. Mlinda mfereji hakuulizwa, ingawa kwa mazingira yeye ndiye shahidi wa kwanza.

Ya tatu ni swali la sheria lenyewe. "Je, ni kisumbufu cha mimea?" Jibu la 2017 lilikuwa hapana, na kwa maana finyu lilikuwa jibu sahihi: nyasi hii haiambukizi mmea mwingine ugonjwa wala haiuli. Lakini malalamiko ya Malheur hayakuwa hayo. Yalikuwa kwamba ni gugu lisilotoka. Sheria ile ile ya ulinzi wa mimea ya mwaka 2000 ina sehemu kuhusu magugu hatari, na wanaharakati walikuwa wameiomba wizara iitumie tangu mapema, haikutumika. Mwaka 2011 pengo likajionyesha wazi. Kampuni ile ya mbegu ilitengeneza nyasi nyingine ya bustani yenye ustahimilivu ule ule, safari hii bila kipande chochote cha kiumbe kinachohesabiwa kuwa kisumbufu, na APHIS ikatamka kwamba haina mamlaka juu yake. Tabia ya mmea shambani haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni orodha ya viungo. Usimamizi uliofungwa kwenye namna kitu kilivyotengenezwa huponyokwa na kitu hicho siku mafundi wakibadili zana, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko upepo wa Agosti.

Nimesoma kisa hiki nikiufikiria muhogo wetu wa pwani. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya iliidhinisha ombi kuhusu muhogo uliobadilishwa vinasaba ili ustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na miongoni mwa vituo ulikojaribiwa ni Mtwapa. Muhogo si nyasi ya gofu: hupandwa kwa vipando, chavua yake hubebwa na wadudu, na mkulima mwenye njaa ana sababu ya kuutaka ambayo mwenye uwanja wa gofu hana. Hata hivyo, pwani yote ya Kenya na Tanzania ina mti wa mpira, Manihot glaziovii, unaoota wenyewe, na tunajua kwa hakika kwamba huzaa na muhogo, kwa sababu watafiti wa Amani, huko Usambara, waliwachanganya kwa makusudi tangu miaka ya 1930 kutafuta kinga ya magonjwa. Ombi lolote la muhogo linapaswa kuanza na mpira: uko wapi, unachanua lini, na kinasaba cha kinga kikiuingia unapata faida gani porini. Majibu yanaweza kuwa ya kutuliza kabisa. Ila yatafutwe kwa shamba la ukubwa halisi na yatafutwe na mtu asiye na hisa kwenye kipando.

Limebaki la gharama. Tanzania, kwenye kanuni zake za 2009, iliweka wajibu mkali: mleta GMO angewajibika kwa madhara hata bila kuthibitishwa uzembe. Watafiti walilalamika kwamba hakuna mfadhili angekubali, na mwaka 2015 kanuni zikalegezwa ili kuruhusu utafiti; jaribio la kwanza la mahindi likapandwa Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016. Naielewa hoja ya watafiti. Lakini Oregon inaonyesha uzembe ni kitu kigumu kukishika. Mashamba yalikuwa ndani ya eneo lililoruhusiwa, nyasi ilikatwa kwa desturi ya kilimo cha mbegu, upepo ukavuma. Dola 500,000 zilipatikana kwa sababu sharti la kibali lilikuwa limeandikwa kwa lugha ya matokeo, kwamba mmea na uzao wake visibaki, na sharti hilo halikujali nia ya mtu. Ningependa kuona sharti la namna hiyo kwenye kila kibali cha jaribio la wazi, pamoja na fedha ya usafi iliyowekwa benki kabla ya mbegu ya kwanza kugusa udongo, na muda wa ufuatiliaji unaolingana na umri wa mmea. Kwa mahindi misimu miwili inaweza kutosha. Kwa nyasi ya kudumu yenye mbegu milioni 10 kwa kilo, hata miaka 10 ya makubaliano ya 2015 ni michache, na kwa kuwa msaada wa kampuni ulipangwa kupungua mwaka hadi mwaka, kazi ya kuifuata nyasi kwenye kingo za mifereji ya Malheur ilipangiwa kuishia mikononi mwa wakulima na wenye mifereji.